Nukta Tatu za Tatu Majidi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Ushirika wetu wa Warina Asali, wajumbe wa bodi, Mzee Rajnikant, shikamoo, ndugu wageni waalikwa, warina asali mliotoka Ntalikwa asubuhi na mapema, na wewe Sahil unayejificha nyuma ya chupa ya soda: habari za mchana.

Mimi Advera, mkuu wa mapokezi ya asali, nimeombwa nimuage kijana wetu anayepanda treni leo kwenda Dar es Salaam kwenye kazi mpya. Nimeombwa niseme kwa kifupi. Nani aliwadanganya kwamba naweza?

Ndugu zangu, Sahil ndiye aliyetutengenezea mfumo wa kompyuta wa kupokelea asali. Kwanza ilimbidi achague fremuweki ya CSS, yaani mitindo ya kurasa iliyokwisha kushonwa, kama suti ya dukani: unaikuta na herufi zake, rangi zake na majedwali yake. Akachagua inayong'aa. Jamani, ilipendeza! Vifungo vya mviringo, nafasi pana kila upande. Ila sisi tuna jedwali la mamia ya warina, na skrini nzima ilionyesha watu sita tu. Ukishuka kumtafuta wa saba, vichwa vya safu vimeshapotea juu, hujui tena ipi ni uzito na ipi ni unyevu. Na jina likiwa refu, fremuweki ile ililikata ikaweka nukta tatu.

Ndipo akaja Mama Tatu Majidi na ndoo zake. Karani wangu akasoma kwenye skrini, kwa sauti ya kanisani: "Tatu Maji!"

Mnacheka. Foleni nayo ilicheka. Lakini mrina asali wa Tabora umwite Maji, mbele ya wenzake, mlangoni mwa ghala? Mama Tatu alishusha ndoo. "Nani kasema asali yangu ina maji? Fungueni! Onjeni!" Akalia.

Sahil akatoka, akachuchumaa mbele yake. "Shikamoo, mama. Karani hana kosa. Jina lako nimelikata mimi, nikaweka nukta tatu."

"Marahaba. Basi nirudishie. Tatu ni mimi, nukta sikuomba."

Wiki ileile akaing'oa fremuweki nzima, akaweka nyingine. Bodi ikamuuliza, mbona hii mpya haina urembo? Akasema, "Niliangalia kwanza kama inabeba majina ya watu." Mistari yake imebanana, vichwa vya safu vinabaki juu ukishuka, inafunguka hata mtandao ukisuasua, na jina refu linashukia mstari wa pili bila kukatwa. Mama Tatu yule pale mbele. Leo skrini inamwita Tatu Majidi Lugembe wa Ntalikwa, herufi zote.

Mheshimiwa Mwenyekiti, mji huu umezoea kupitiwa. Tangu enzi za misafara watu wanafika, wanapumzika, wanaendelea na safari yao. Lakini kuzoea ndiyo kutoumia? Mimi naumia. Nimeanza kukukumbuka kabla hujaondoka, mdogo wangu. Kesho nani atagonga dirisha la mapokezi aniulize, "Dada Advera, jedwali limeamkaje?" Mzee Rajnikant naye tangu Jumatatu anafunga duka mapema ili ale na mwanawe.

Juzi nilimwandikia kwenye simu: utarudi lini? Akajibu neno moja, "Nitarudi", kisha nukta tatu.

Sahil! Wewe uliyeng'oa fremuweki nzima kwa ajili ya nukta tatu, leo unatuachia zilezile? Haya, simama, baba.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia. Mimi nimefika mwisho. Sahil, kipaza sauti hiki hapa, na mzee wako anasikiliza. Malizia sentensi.