Quinter Akoth Chepyegon, Sauti ya Anime ya Ndanai (1991–2025)

Quinter Akoth alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1991, katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la majani chai nje kidogo ya mji wa Kericho. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Oketch Opondo, aliyefanya kazi kiwandani, sehemu ya kunyausha majani, na Mama Eddah, mchumaji. Wazazi wake walikuwa wamehamia huko kutoka Rachuonyo mwaka 1986. Mama Eddah anasema mtoto huyu alitembea akiwa na miezi tisa, na tangu siku hiyo kazi kubwa nyumbani ikawa kumtafuta.

Alianza shule ya msingi ya shambani mwaka 1997. Mwaka 2001, akiwa darasa la tano, koo lilimuuma majuma mawili, kisha magoti na vifundo vya miguu vikavimba. Alilala miezi minne. Hakuna aliyejua wakati ule kwamba ugonjwa huo ulikuwa umegusa moyo. Kila Jumamosi asubuhi kaka yake Kepher alimbeba mgongoni hadi ukumbi wa wafanyakazi, kwenye televisheni, na hapo ndipo alipoona kwa mara ya kwanza katuni kutoka Ujapani, zile ziitwazo anime: msichana wa umri wake akikimbia juu ya mapaa ya nyumba, upanga begani. Kepher alipotaka warudi, Quinter alimshika shati.

"Ngoja kwanza tuone kama atafika."

Hakufika siku ile. Kipindi kilikatizwa na taarifa ya habari, na Quinter akakaa wiki nzima akimuuliza kila aliyeingia ndani kama anajua kilichompata yule msichana.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 2009 katika shule ya kutwa, kwa alama ya C kuongeza. Walimu wake walimkumbuka kwa michoro. Wakati mmoja alichora moyo wa binadamu vizuri sana hata mwalimu wa biolojia akaubandika ukutani, na ulikaa pale muhula mzima kabla ya mtu kugundua kwamba Quinter alikuwa ameupachika macho mawili makubwa yenye machozi.

Kuhusu kazi, familia imekubaliana kusema ukweli: Quinter hakutulia. Alichuma majani chai miezi saba. Aliuza katika duka la vifaa vya shamba Chepseon, akaondoka bila kuaga vizuri. Alisomea kompyuta Kericho, akapata cheti mwaka 2011. Mwaka 2012 baba yake, baada ya kuzungumza na wakubwa wake mara nyingi, alimpatia nafasi ya ukarani katika stoo ya kiwanda. Alikaa wiki kumi na moja. Wiki ya kumi na mbili alipanda gari kwenda Nairobi kwenye mkutano wa wapenzi wa anime, akiwa amevaa kama mhusika mmojawapo: wigi ya zambarau, joho refu na upanga wa mbao. Jumatatu picha yake ilikuwa imefika kwenye simu za watu wa kiwandani.

Mzee Opondo, mzee wa kanisa, alionyeshwa picha hiyo akiwa kazini. Quinter aliporudi, baba yake alimuuliza jambo moja tu: "Akoth, wewe utakuwa mtu mzima lini?"

Quinter alifunga nguo zake, akaenda Bomet, akapata kazi katika duka la kompyuta karibu na ofisi za kaunti. Kwa miaka kumi na moja baba na binti walisalimiana kwenye mazishi na harusi, basi.

Katika duka hilo, mwaka 2013, aliingia kijana wa Ndanai aliyetaka kuchapishiwa barua. Alikuwa Kipkoech Chepyegon, mpokeaji wa maziwa katika chama cha wafugaji. Akiwa anasubiri, aliona kioo cha kompyuta ya Quinter.

"Hawa watu wa macho makubwa wanalia nini?"

"Kaa chini," Quinter alisema. "Ukisimama sitakuambia."

Barua ilichapishwa saa mbili baadaye. Walifunga ndoa kanisani Ndanai tarehe 12 Desemba 2015, na Mungu akawajalia binti, Nelvine, mwezi Septemba 2016.

Huko Ndanai ndiko alikopata kazi ambayo hakuiacha. Nyuma ya duka la maziwa palikuwa na chumba kitupu. Kila Jumamosi mchana, soko likiwa limejaa, Quinter alionyesha anime humo na kuisimulia kwa Kiswahili, sauti zote yeye mwenyewe: mzee, mtoto, mfalme, jini, mbwa. Wakulima walioleta mahindi walikaa na watoto wa shule. Kuanzia 2019 alikuwa akirekodi masimulizi hayo na kuyatuma kwa kundi la wapenzi wa anime kwenye simu, watu ambao hakuwahi kuonana nao.

Si wote waliofurahi. Chepkemboi, mwenyekiti wa akina mama kanisani, alimwita kando siku moja. "Mama mzima, mtoto mgongoni, unatazama katuni. Unatafuta nini huko?"

Chepkemboi mwenyewe ndiye aliyetueleza jibu alilopewa, na ameomba lisomwe. Quinter alimwambia: "Mama, mimi nilianza kutazama nikiwa siwezi kutembea, na wale watu walikuwa wanakimbia. Nikawafuata. Halafu niliona wanashindwa, wanalia mbele za watu, wanakula wali, kesho wanajaribu tena. Kwetu sikuwahi kuona mtu mzima akilia mbele za watu. Nikitazama peke yangu sina upweke. Upweke huja nikizima, nikikosa mtu wa kumwambia."

Jumamosi iliyofuata Chepkemboi alikuja na kiti chake.

Lakini hata Quinter alikuwa na wasiwasi wake. Katika daftari lake tumekuta ameandika: "Je, napenda hadithi, au nakimbia nyumba yangu? Kipkoech akiniita mara ya tatu ndipo nasikia." Na chini yake, kwa kalamu nyingine: "Leo nimesikia mara ya kwanza."

Mwaka 2022 alianza kuishiwa pumzi katikati ya masimulizi. Alisema ni vumbi la sokoni. Miguu ilipovimba, alipelekwa hospitali, na madaktari wakagundua kwamba ule ugonjwa wa utotoni ulikuwa umeharibu vali ya moyo. Alipewa rufaa kwenda Eldoret kufanyiwa upasuaji mwezi Agosti 2023, na familia ikaombwa kutafuta watu wa kutoa damu.

Mzee Opondo alikuwa wa kwanza kufika. Alikuwa amestaafu na kurudi Rachuonyo, na hakuwa amemwona binti yake mwaka mzima. Jumanne tarehe 15 Agosti, akiwa ameketi kwenye benchi la nje, waliingia vijana tisa kutoka Nakuru, Kisumu na Eldoret kwenyewe, wengine nywele za buluu, mmoja masikio ya paka kichwani.

"Nyinyi ni wa kanisa gani?" mzee aliwauliza.

"Si kanisa, mzee," alijibu msichana aliyewaongoza, jina lake Monicah. "Tunatazama anime na Quinter."

"Mnamjua?"

"Kwa sauti. Leo ndiyo mara ya kwanza tutamwona."

Mzee aliinuka, akapanga foleni nyuma yao. Alikataliwa kwa sababu ya umri. Alibaki mlangoni akiwashikia mabegi yote tisa mpaka wa mwisho akamaliza.

Upasuaji ulifaulu. Siku zilizofuata Quinter hakuruhusiwa kusema sana, na kwake hiyo ilikuwa adhabu kubwa kuliko kidonda. Alitazama kwenye simu, baba yake kando, wala mzee hakuelewa neno. Siku ya tatu mzee alianza kusimulia mwenyewe, kwa Kijaluo.

"Huyu anasema ng'ombe wake wamepotea."

Quinter alishika kifua asicheke. "Baba, huko hakuna ng'ombe."

"Ndiyo maana analia."

Muuguzi alikuja kuwatuliza wote wawili. Alipoondoka, mzee alimuuliza binti yake, "Ile siku ya picha, ulikuwa nani?"

"Mlinzi wa daraja."

"Na lile joho, nani alikushonea?"

Hakumwambia. Mama Eddah ameruhusu leo isemwe kwamba alilishona yeye, kwa pazia la sebuleni, lile alilodai limeliwa na panya.

Daktari alimwamuru apumzike miezi mitatu. Wiki ya nne alikuwa Ndanai, nyuma ya duka la maziwa, mkono mmoja kifuani. Kipkoech alimsihi; Quinter aliahidi, akaenda tena. Miaka miwili iliyofuata aliishi kwa haraka, akiamka kabla ya jogoo, akianza hadithi mpya kabla ya kumaliza ya kwanza, na mzee alipanda gari kutoka Rachuonyo kila mwisho wa mwezi kuja kukaa safu ya mbele.

Jumatano tarehe 8 Oktoba 2025 alishikwa na homa kali. Alilazwa Bomet, ikabainika kwamba maambukizi yalikuwa yamefika kwenye vali. Baba yake na mumewe walikuwa kando ya kitanda. Jumamosi alasiri Quinter aliuliza kama Nelvine amekula. Kipkoech alipofungua mdomo kujibu, aliuliza tena, kana kwamba hana nafasi ya kungoja. Aliambiwa ndiyo, amekula. Aliaga dunia saa kumi alasiri, tarehe 11 Oktoba, akiwa na umri wa miaka thelathini na minne.

Huko Ndanai, chumba cha nyuma ya duka la maziwa kilikuwa kimejaa saa hiyo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amewaambia watu wasije. Walikaa mpaka giza, wakangoja.

Ameacha mume wake Kipkoech Chepyegon. Binti yake Nelvine. Wazazi wake Mzee Oketch Opondo na Mama Eddah. Kaka yake Kepher. Wakwe zake wa Ndanai. Na wapenzi wa anime, ambao Mzee Opondo ameagiza waandikwe hapa pamoja na jamaa.

Mungu ampe Quinter amani yake. Na kama hatatulia, amvumilie, kama tulivyomvumilia sisi, kwa upendo.