Mtunzi wa Maswali Waliyemwita Kufuli

Kabla ya yote, niweke jambo moja sawa. Mume wangu hakuwahi kumwonyesha binti yetu mtihani wa kujiunga na chuo. Maneno hayo yametembea mtaani miaka kumi na tisa, na juzi yamekuja kukaa nasi kwenye viti vya msiba. Shemeji yangu, wewe unayewasomea wenzetu wasifu huu, tafadhali usiruke mstari.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Juni 1952, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha nguo, mtoto wa pili wa fundi mitambo na mshonaji. Dada yake mkubwa husimulia kwamba tangu utotoni, akiambiwa siri, hata ukimfinya hasemi. Alianza shule ya msingi mwaka 1959, akapata shahada ya hisabati mwaka 1975, akafundisha sekondari. Januari 1980 aliajiriwa na ofisi ya mitihani ya kujiunga na vyuo, akabaki huko hadi alipostaafu mwaka 2012.

Kazi hiyo wengi hawaijui, ndiyo maana wanaizungumza ovyo. Kila mwaka watunzi walifungiwa kwa wiki kadhaa katika jengo la ghorofa mbili ambalo vioo vya madirisha vilipakwa rangi. Simu hakuna, na mlinzi alikagua mpaka soli za viatu. Baada ya mtihani, idadi ya majibu sahihi haikupelekwa vyuoni ilivyo. Kwa kuwa karatasi ya mwaka mmoja huweza kuwa ngumu kuliko ya mwingine, majibu yalibadilishwa kwanza kuwa alama za kipimo kimoja, ili mtoto asiponzwe na mwaka aliofanyia. Kisha vyuo vilichora mstari: ukiufikia unaingia, usipoufikia unabaki nyumbani. Marehemu aliuchukia mstari huo. Alisema asubuhi mbili hazitoshi kumjua mtu. Hata hivyo alirudi mle ndani kila mwaka, na wenzake wakamwita Kufuli.

Tulifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1984. Siku ya kwanza tuliyopanga iliahirishwa, maana bwana harusi alikuwa amefungiwa na hakuruhusiwa hata kutuma salamu. Kaka yangu akaniuliza, "Dada, unaolewa na mwalimu au na mfungwa?"

Nikamwambia, "Wangu najua alipo. Mkeo je, anajua ulipo?"



Mwaka 2005 binti yetu, mtoto wetu wa pekee, alifanya mtihani. Marehemu aliiarifu ofisi mapema, akaondolewa kwenye maswali yanayohesabiwa. Akaachiwa maswali ya majaribio tu. Haya huchanganywa na mengine bila mtahiniwa kujua. Ofisi huyatumia kuona kama yatafaa miaka ijayo. Hayampi mtu alama wala hayamnyimi.

Siku ya kwanza ilikuwa hisabati. Binti alirudi, akatupa mkoba sakafuni.

"Sehemu ya nne sikuelewa hata swali moja, baba. Matangi, mabomba, sijui nini! Kesho siendi."

"Nenda, mwanangu."

"Nikafanye nini? Si nimeshafeli?"

"Nenda tu."

"Basi niambie kwa nini niende!"

Nami nikadakia, "Mwambie kitu, baba yake, mtoto analia."

Marehemu aliinuka, akaenda jikoni, akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Niliona mgongo wake tu.

Binti hakwenda. Bila karatasi za siku ya pili hakuna chuo kilichomtazama, akauza dawa katika duka la shangazi yake mwaka mzima. Mwaka 2006 alirudia, akavuka mstari kwa mbali. Ndipo mtaa ukaanza: "Si baba yake yuko hukohuko?"

Marehemu aliugua figo kuanzia Agosti 2023. Mwezi uliopita, maswali yale yakiwa yametolewa hadharani miaka mingi, alimwita binti kitandani hospitalini akamweleza. Sehemu ya nne ilikuwa ya majaribio. Aliitunga yeye. Neno "haihesabiwi" lingetosha kumpeleka mtoto wake mtihanini kesho yake, lakini lilikuwa siri ya mtihani na aliyeliuliza alikuwa mtahiniwa, kwa hiyo alilimeza na kuishi nalo humo ndani ya nyumba, akipishana naye mlangoni kila asubuhi. Nisingependa kuyaanika haya. Mmenilazimisha. Sasa niambieni ninyi: mtu aliyemnyima mwanawe neno moja ndiye aliyempa mtihani mzima?

Alifariki tarehe 3 Februari 2025, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Ameacha mjane, binti ambaye leo ni mhandisi wa maji, mkwe, wajukuu wawili, dada yake mkubwa na mdogo wake anayewasomea haya. Tunamwombea pumziko lisilo na mlinzi mlangoni.

Najua mtataka kujua binti alimjibu nini siku ile. Nilikuwepo, na nilisikia kila neno. Sisemi, na asiulizwe yeye pia.