Kande Aliuawa kwa Kutokimbia

Mgeni rasmi, viongozi mlioambatana naye, nanyi majirani mlioacha kuchuma chai mkaja kutusikiliza,

UKARIBISHO

Karibu Masukulu. Tunashukuru umefika mwenyewe. Mgeni tuliyemwalika kabla yako alituma mwakilishi, na mwakilishi akatuma salamu. Mimi ni Hellen, nasoma kwa niaba ya wenzangu.

TULIKOTOKA

Kikundi chetu hakikuzaliwa kwenye semina. Kuna mwenye shamba la parachichi aliyefungia mbwa bandani tangu wakiwa wadogo, wasizoee mtu, eti wawe wakali. Alipohama akawaacha humo. Majirani wakataka kuwatilia sumu. Mzee wetu Ambilikile akasema, "Kwanza tuwaone."

Tulipofungua banda hatukukuta ukali wowote. Tulikuta mbwa wamerundikana pembeni, wanajikojolea kwa kusikia nyayo tu. Tukawachukua. Watu wakatucheka: "Wajukuu wamewashinda, sasa mnalea mbwa?"

MAFANIKIO

Mbwa mwoga hana haraka, na ukiwa na haraka wewe, umekwisha. Ukimkodolea macho anadhani unamwinda. Ukimshika kabla hajataka, kazi yote inarudi mwanzo. Kwa hiyo tulikaa nao kimya, tumewapa mgongo, mvua zetu hizi zikitunyeshea, huku tukirusha vipande vya utumbo anavyotuletea ndugu Zuber wa buchani. Yeye kwa dini yake hagusi mbwa, lakini hajawahi kutusahau.

Jike mmoja mwenye madoadoa tulimwita Kande. Mzee Ambilikile alikuwa akimenya ndizi karibu naye asubuhi, hamtazami wala hamwiti. Siku moja Kande akaja mwenyewe, akalaza kidevu juu ya buti la mzee. Mzee hakuthubutu kusogeza mguu. Akatuita kwa kunong'ona, "Msije, ila tazameni." Baadaye Kande alikuwa anaongozana naye mpaka sokoni, akinusa mikono ya watu.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, hapa ndipo uvumilivu unapotuishia. Mbwa wetu wote wamechanjwa. Lakini ile alama ya shingoni, ya kuonyesha mbwa amechanjwa na ana mwenyewe, tunaambiwa tuwapeleke mjini Tukuyu wakapange foleni. Mbwa anayetetemeka kwa mlio wa pikipiki, apange foleni mjini? Tuliomba mtaalamu aje huku. Tukajibiwa suala linafanyiwa kazi. Tukauliza tena, bado linafanyiwa kazi. Hatujui ni kazi gani hiyo isiyotoa jasho.

Wakaja watu wa kupiga risasi mbwa wazururao, bila tangazo. Kande alikuwa barabarani, nyuma kidogo ya mzee. Alipowaona hakukimbia. Aliwaendea akitikisa mkia.

Mzee akapaza sauti: "Jamani, msimpige! Huyo ana wenyewe!"

Wakapiga. Kisha mmoja wao akamwambia, bila hata shikamoo, "Mbwa mzima angekimbia, mzee. Huyu ametufuata mwenyewe. Si ndiyo dalili ya kichaa hiyo?"

Mzee alimbeba Kande mpaka nyumbani, akamzika mgombani. Leo amekuja, amekaa pale nyuma. Alitusihi tusikusomee haya kwa ukali. Tumejitahidi.

MAOMBI

Hatuombi jengo, wala fulana. Tunaomba mtaalamu aje bandani na hizo alama, tena aje peke yake, asije na msafara wa magari. Tunaomba watu watangaziwe kabla ya risasi kulia. Na tunakuomba sana, usituambie kwamba maombi yetu yamepokelewa.

Wenzake Kande bado tunao. Juzi mmoja wao, dume ambaye hajawahi kutoka kwenye kona yake, alikula nyama mkononi mwa mwenzetu Lilian. Siku kama hiyo zamani tungekumbatiana. Safari hii tulitazamana tu. Lilian ndiye aliyeuliza, "Sasa huyu tumzoeze watu, au tumfundishe kuwakimbia?"

Tunaomba umjibu wewe, mgeni rasmi, hapa hapa, kabla chakula hakijapakuliwa.

Mungu akurudishe kwako salama, na akukumbushe Masukulu ukishafika. Ndaga fijo, asante sana kwa kutusikiliza.

Ni sisi,
Walezi wa Mbwa Waoga, Masukulu