Mshahara wa Mtoto wa Jirani

Amani kwenu nyote mliokanyaga theluji mpaka hapa Farsta kuja kusikiliza midomo yetu. Na nyinyi akina baba wawili mliojificha kule nyuma, amani kwenu pia, ila leo ni zamu ya akina mama. Mwenyekiti ameniomba nishuhudie tangu kiangazi, nami nakimbia. Leo sikimbii. Kiswahili changu ni cha Uvira, kina Kifaransa ndani, na siku hizi Kiswidi nacho kimeingia bila hodi. Wa Tanzania mtanivumilia.

Wengine hapa mmeshuhudia magonjwa, na kambi, na kungoja karatasi za ukaazi mpaka nywele zikawa nyeupe. Mimi ushuhuda wangu ni wa wivu. Si wivu wa mume. Yule wangu nani amtake? Nasema kijicho, kile cha kumtazama mwenzio anakula na wewe tumbo linakuuma. Sitamtaja mtu, kwa hiyo msianze kugeuza shingo.

Nilikuwa na jirani pale Jordbro, mama wa Bujumbura, yaani ng'ambo tu ya ziwa letu. Jengo moja, ngazi moja, yeye ghorofa ya juu yangu. Watoto wetu wa kiume walikua pamoja, timu moja, basi moja, viatu vya mpira wakiazimana. Na nawaambia ukweli wangu: mwanangu alikuwa mzuri kuliko wake. Mnacheka? Ulizeni mtu yeyote aliyewahi kusimama kando ya uwanja ule! Wangu alikuwa na mguu wa kushoto, golikipa anaujutia. Wake alikuwa anajua kukimbia tu.

Lakini ni wake aliyepata nafasi ya kwenda kusoma Amerika kwa ajili ya mpira, na alipomaliza masomo, timu moja ya ligi yao kubwa ikamchukua. Wangu alisomea ufundi bomba, akapata kazi ya kudumu kwenye kampuni moja ya eneo la viwanda, hapo hapo Jordbro. Kazi ya kudumu, katika Sweden hii! Ningepaswa kupiga magoti nikashukuru. Mimi nikanuna.

Jumapili baada ya habari hiyo mchungaji alimsimamisha jirani mbele ya kanisa, akaombewa, akapigiwa vigelegele, na tangu siku hiyo watu wakamwita Mama Amerika. Mimi pia nilipiga vigelegele, tena kuwashinda wote, ili mtu asinijue. Ndani roho inaniuma mpaka kwenye meno.

Ilikuwa miaka ile nyota mmoja mkubwa wa Ulaya alipohamia kucheza kule. Gazeti la bure la kwenye treni likaandika mamilioni yake. Nilikuwa nakwenda kusafisha ofisi Kista, nikalisoma gazeti lile mpaka nikapitiliza kituo. Nikapiga hesabu. Kama yule analipwa vile, mtoto wa jirani hata akipewa robo, hata robo ya robo, mama yake anaogelea. Si uwanja ni mmoja? Si ligi ni moja? Na msinitazame hivyo, wengi wenu mlipiga hesabu hiyo hiyo.

Basi nikawa mpelelezi. Mnajua tvättstuga, kile chumba cha kufulia kilicho chini ya jengo, kila familia na zamu yake. Nilibadilisha zamu yangu ili nifuate ya jirani moja kwa moja. Kwa nini? Nione ameanika nini! Nilipapasa mashuka ya mwenzangu, nikitafuta kitambaa cha Amerika. Nilipokuta nguo za kawaida, sikufarijika hata kidogo. Nilisema, ooh, huyu mjanja, nzuri anazipeleka kwa dobi mjini. Hasidi hana sababu, ndugu zangu. Akikosa ushahidi, anautengeneza.

Sasa tunafika mahali pabaya. Kanisa lilitaka kununua vyombo vya muziki, tukaitwa kutoa ahadi. Nikasimama mimi. Nikasema kwa sauti tamu, sauti ya asali: "Mchungaji, mimi naona Mama Amerika atufungulie. Mungu amemtendea makuu." Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimempangia. Akikataa, aibu yake. Akitoa kidogo, aibu yake. Jirani akasimama, akatazama chini, kisha akataja kiasi ambacho mimi sijawahi kukishika mkononi. Vigelegele! Na mimi niliyemtegea mtego nikaketi nimeumia kuliko yeye. Nikasema, unaona? Ametoa bila hata kumeza mate.

Nikaipeleka hasira ile nyumbani. Mwanangu ametoka kazini, anakula. Nikamwambia, "Mwenzako anamnunulia Mungu vinanda. Wewe unazibua vyoo vya Waswidi."

Haikuwa mara ya kwanza, msidhani. Ilikuwa wimbo wangu wa kila siku. Mwenzako hivi, mwenzako vile. Lakini siku hiyo aliweka uma chini, akanitazama, akasema, "Okej, mamma." Baada ya siku chache akaniambia kwamba timu moja ya Amerika inawaita vijana kwenye majaribio, kwamba atalala kwa yule rafiki yake, na Jumatatu atamwambia bosi anaacha kazi.

Nilifanya nini? Nilifurahi! Nilicheza pale jikoni, mimi na mwili wangu huu. Nilishajiona nimesimamishwa mbele ya kanisa.

Jumamosi iliyofuata nikashuka kufua. Jirani alikuwa ameshamaliza zamu yake, lakini hakuondoka. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kapu la nguo limejaa mapajani, ananingoja. Akaniambia, "Jirani, mwanangu amenipigia simu. Amesema wako anaacha kazi."

Nikamjibu kwa maringo, "Ndiyo. Au Amerika ni ya mtu mmoja?"

Akasema, "Mzuie."

Eh! Nikawaka. Nikamwuliza kama anaogopa tutakuwa Mama Amerika wawili. Hakukasirika. Aliniambia, "Kaa, nikueleze kitu ambacho hata mchungaji hakijui. Kule mchezaji hasaini na timu, anasaini na ligi yenyewe. Ligi imeipa kila timu kikomo cha mishahara, na hairuhusiwi kukipita. Yule nyota unayemsoma kwenye gazeti analipwa kwa mlango wake mwenyewe, sehemu kubwa ya pesa yake haihesabiwi kwenye kikomo kile. Waliobaki wanagawana fungu. Wa juu wanakula, wa kati wanaonja. Mwanangu yuko mwisho wa foleni, ananusa."

Nikamwambia haiwezekani, nchi tajiri vile.

"Nchi ni tajiri, ligi ni changa," akasema. "Wanasema iliyokuwepo kabla yake ilikufa kwa kuwalipa nyota kuliko ilivyoingiza. Hawa wa sasa wamefunga mfuko kwa mafundo. Mwanangu anaishi na wenzake watatu nyumba moja, gari moja. Jioni anafundisha watoto wa watu mpira ili apate ya kula. Na akiumia, au kocha akimchoka, wanaweza kumkata katikati ya msimu. Unajua ninasafisha ofisi ngapi alfajiri kabla ya kazi yangu? Pesa haitoki Amerika kuja kwangu, jirani. Inatoka Jordbro kwenda Amerika."

Kisha akasema neno ambalo sitalisahau: "Mwanao, fundi bomba, anamzidi mwanangu mshahara. Anamzidi mbali."

Ndugu zangu, naapa mbele yenu, kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa furaha. Mungu anisamehe. Mwenzangu amevuliwa nguo mbele yangu, na mimi nafurahi! Cha pili ndicho kilichoniangusha. Nilijiuliza: huyu ameificha aibu yake miaka, amekubali hata kuahidi pesa asizo nazo ili mtoto wake asidharauliwe. Leo ameitoa mwenyewe, na kwa nani? Kwa mdomo unaojulikana ngazi nzima. Kwa ajili ya mtoto wangu. Nikamwonea wivu tena, safari hii kwa roho aliyokuwa nayo. Nikalia pale mpaka mashine ikamaliza kuzunguka.

Nikamwambia yote. Zamu, mashuka, ile ahadi. Akashusha kapu chini. Kisha akasema, "Nilijua ya ahadi. Ya mashuka sikujua." Franchement, kusema kweli, ningetamani anipige.

Nikapanda ngazi mbio kumwokoa mwanangu. Nikamkuta anapanga nguo. Nikamwambia, usiende, nimejua siri, mwenzako analipwa kidogo, tumedanganyika sote!

Akaniambia, "Jag vet, mamma." Najua. "Siku zote nilijua. Mishahara ya kule chama cha wachezaji kinaitoa hadharani, mtu yeyote anaona. Na yeye mwenyewe tunaongea kila wiki."

Nikasema, sasa kama unajua, unafuata nini?

Akakunja shati taratibu. Akasema, "Sifuati pesa. Natafuta mahali ambapo hutanilinganisha na mtu."

Akina mama. Mimi nilizaa kwenye vita. Nilimbeba mtoto yule kifuani tukivuka mpaka, akiwa na homa, nikimziba mdomo asilie. Na ni mimi huyo huyo niliyekuwa namfukuza kwa mdomo.  

Nilimwomba radhi. Mzazi wa kwetu hamwombi mtoto radhi, najua, lakini niliomba. Akasema atabaki na kazi yake, ila kwangu atahama. Na akanipa sharti: nikimtaja mwenzake hata mara moja, hatarudi kunisalimia. Akapata chumba Farsta hapa. Nyumba ikawa kimya kabisa. Jumapili ya kwanza hakuja. Ya pili hakuja. Nilipika sombe, kisamvu chetu, nikala na baba yake tunatazamana.

Alipoanza kuja, nilijifunza kuuma ulimi. Si mchezo! Mara ngapi neno "mwenzako" lilifika hapa kwenye meno, nikalisukuma ndani kwa kipande cha ugali. Ile ahadi ya kanisa nikamwambia jirani nusu ni yangu, kwa sababu mdomo ulioiomba ni wangu. Tukaimaliza pamoja, tukisafisha ofisi alfajiri. Ndipo nikamjua. Miaka yote nilikuwa nimejua nguo zake tu.

Mtoto wake alikatwa katikati ya msimu, kama alivyoogopa. Alirudi na begi moja. Na aliyemwombea kazi kwenye kampuni ya mabomba ni mwanangu.

Msipige makofi bado. Juzi hapa mwanangu anakula kwangu, anasema kwa furaha, "Mama, yule ana mikono! Bosi amesema mwakani atamfanya kiongozi wa kikundi." Kiongozi! Juu ya mwanangu aliyemtafutia kazi! Nikasikia kile kitu kimeamka, kilekile, kinanyoosha miguu.  Niliacha kijiko, nikapanda ghorofa moja na ndara zangu, nikagonga.

Nikamwambia, "Jirani, nimeanza tena."

Alicheka mpaka akaketi kwenye viatu vya mlangoni. Kisha akajifuta macho, akasema, "Na mimi nilikuwa nakuonea wivu. Miaka ile yote. Wako ulikuwa unamsikia jioni akifungua mlango. Mimi nilikuwa nasikia hatua zake kwenye ngazi, zinaishia kwako."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wazee walisema, na mimi nilikuwa nagombania kitanda cha watu. Namshukuru Mungu. Namshukuru mume wangu aliyekula sombe kimya. Namshukuru mwanangu aliyerudi. Na huyo mama, ambaye sijamtaja na ambaye amenipa ruhusa kwa sharti nisimtazame, basi simtazami. Asante, jirani.

Nyinyi niliowaona mkiinama nilipotaja mashuka, nawajua. Kama kuna mtu anayekuuma moyoni, usimpeleleze. Panda ngazi ukamgongee, umwambie kabla mtoto wako hajafunga begi. Huenda utamkuta amesimama nyuma ya mlango, anasikiliza hatua zako.