Dada Jhunki na Mtoto wa Tatu wa Simbamarara

Risala ya wanawake waongozaji wa wageni, Lango la Jamuntola

Mgeni rasmi, Bi. Ahilya Porte, Mkurugenzi mpya wa Hifadhi ya Simbamarara ya Sonpahari, maofisa mliofuatana naye, majirani zetu:

KARIBU NYUMBANI

Karibu Jamuntola, mama. Chai iko motoni. Tangu alfajiri tumefagia majani langoni na upepo umeyarudisha yote, kwa hiyo ukiyaona, usidhani tulikuwa tumelala.

TULIKOTOKA

Miaka saba iliyopita hapakuwa na mwanamke aliyeongoza wageni msituni humu. Tulipojitokeza tisa, madereva walicheka wakashika mbavu. "Mkimwona simbamarara mkazimia, tuwabebe wageni au tuwabebe nyinyi?"

Dada yetu Jhunki Maravi akawajibu: "Kaka zangu, nimeishi na mama mkwe miaka kumi na minane. Simbamarara ataniambia nini?"

Siku hiyo kicheko kilihamia upande wetu.

TUNAYOJIVUNIA

Kima akipiga kelele mtini, tunajua kama ameona hatari au anagombana na mkewe. Ndege tunawatambua kwa sauti. Lakini jambo tunalojivunia kuliko yote ndilo lililomponza Dada Jhunki, nasi tunaomba utuvumilie tulieleze.

Ilikuwa asubuhi ya Aprili. Jhunki alikuwa na bwana mmoja kutoka mjini, mwenye kamera ndefu kama bomba la maji. Penye kona ya mianzi, simbamarara jike akatoka, akavuka barabara. Watoto wawili wakamfuata. Kisha mama akageuka, akatazama alikotoka, akaguna. Jhunki akaelewa: wa tatu alikuwa bado ng'ambo.

"Sogeza gari!" yule bwana akamwambia dereva. "Nimesafiri siku mbili kwa picha hii!"

"Bwana, mtoto wake mmoja hajavuka," Jhunki akasema. "Tukisogea tutamtenga na mama yake."

"Wewe ni nani wa kunizuia?"

"Leo, bwana, mimi ni jirani wa yule mama."

Nyuma yao magari matatu yalikuwa yanakuja mbio. Jhunki akamwamuru dereva arudi nyuma, kisha akingamishe gari barabarani, asipite mtu. Magari yote yakasimama. Wageni wakafoka, wengine wakapiga honi. Yeye akabaki anaitazama mianzi, ametuambia mwenyewe. Hakuna aliyepata picha siku ile, wala aliyemwona wa tatu akivuka.

YANAYOTUSUMBUA

Yule bwana aliandika barua. Ofisi ikamsimamisha Dada Jhunki kazi kwa utovu wa adabu, bila kumuuliza hata neno moja. Hilo lilitokea kabla hujafika, mama, wewe hatukulaumu. Sasa ni miezi mitatu anaanika maua ya mti wa mahua uani kwake. Tukienda kumpa pole, anatutania: "Simbamarara angejua kuandika, na yeye angepeleka barua yake."

Lakini ukimtazama usoni anapoyasikia magari yakiingia msituni bila yeye, huwezi kucheka.

Wiki mbili zilizopita, mlinzi wa doria alimkuta yule jike bwawani akioga. Watoto walikuwa watatu, wanene, wakiumana mikia. Tulimpelekea Jhunki habari mbio. Alikaa chini palepale juu ya mahua yake, akalia, kisha akatufukuza kwa sababu tuliyakanyaga.

Tuna shida nyingine pia: langoni hapana choo cha wanawake, na viatu tulivyopewa ni vya wanaume. Mwenzetu mmoja huvijaza matambara, akitembea utadhani bata.

TUNAYOOMBA

Choo tunaomba. Viatu tunaomba. Tunaomba pia mwongozaji akisema "tusisogee," neno lake lisimame, hata mgeni awe mkubwa namna gani.

La mwisho. Kesho alfajiri utaingia msituni, nawe lazima uwe na mwongozaji. Tumepiga kura sisi wanane, na wote tumemchagua mmoja. Tunaposoma haya amesimama nje ya kizuizi, sare imepigwa pasi, kwa kuwa barua ya kumsimamisha kazi inamkataza kuvuka. Askari wa zamu anasema hahitaji karatasi. Ukimwitikia kwa kichwa tu, atainua mti wa kizuizi.

Askari ameshaushika, mama. Anakutazama wewe.

Bada Dev, mungu mwenye msitu huu, akujalie afya na macho makali.

Ni sisi,
Wanawake Waongozaji wa Lango la Jamuntola, wanane hapa ndani na mmoja pale nje.