Buti za Corrado Tavanti

Baba Paroko, ndugu na majirani, mimi ni Delfina, na familia imenituma niwasomee safari ya mama yetu mpendwa, Ersilia Tavanti.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Februari 1899 hapa Pietralenta, mtoto wa nne wa mchunga kondoo, akasoma kwa masista hadi darasa la tano, na mwaka 1912 akaingia kiwanda cha sufu, alikosokota nyuzi miaka arobaini na sita, akichelewa kazini siku moja tu. Tarehe 20 Septemba 1919 alifunga ndoa na Amedeo, fundi mitambo, wakajaliwa watoto wawili, Corrado, mwaka 1920, na mimi, mwaka 1926.

Juni 1940, Ulaya ikiwaka moto na Corrado ameshapewa buti za jeshi, Kiongozi alitangaza redioni kwamba Italia haiingii vitani, mama akapiga magoti pale pale kiwandani akalia kwa furaha, na tangu hapo, kama kina mama wote wa hapa, kila tarehe 10 Juni alizing'arisha buti za mwanawe akazibeba hadi uwanjani kumshukuru Kiongozi. Aliamini, ndugu zangu, siwezi kusema uongo mbele ya jeneza, aliamini kwa moyo wote.

Tarehe 14 Oktoba 1947 Corrado aliandika kwa chokaa kwenye ukuta wa kiwanda, "Ametukinga na vita, nani atatukinga naye?", akachukuliwa asubuhi ile ile, ikasemwa yuko kifungoni kisiwani, kisha halikusemwa neno tena. Siku hiyo ndiyo mama aliyochelewa kazini. Baba hakuhimili, alitutoka mwaka 1951.

Tulidhani mama hatakwenda tena uwanjani. Wapi! Juni 1948 alikuwa wa kwanza mstarini, mkuu wa polisi akamwambia, "Mama Ersilia, hebu rudi nyumbani, mwanao si yule msaliti?", naye akajibu uwanja mzima ukasikia, "Mwanangu hakufa vitani, bwana mkubwa, nimekuja kushukuru, na nikimaliza uniambie amefia wapi." Alikwenda na kuuliza mara ishirini na nne, na jibu hakulipata. Picha ya Kiongozi hakuishusha ukutani, alisema anataka kuwa na wa kumuuliza hata akiwa jikoni.

Mwaka 1969 vumbi la sufu lilianza kumbana mapafu, akalazwa mara tatu, na tarehe 7 Machi 1972, saa nne asubuhi, alifariki nyumbani, mkono wake ukiwa juu ya buti hizi mnazoziona.

Tunamshukuru daktari Lanfredi, aliyekuja kwa baiskeli hata theluji ikianguka, majirani kwa supu na kuni, wenzake wa kiwandani waliomfumia shuka hili la mwisho, na wale mabwana wawili wa makoti ya kijivu pale mlangoni, waliomfuata sokoni na kanisani miaka yote, poleni jamani, kwake mmemaliza kazi.

Buti hatuziziki. Juni nitazibeba mimi, na swali lake nitauliza mimi.

Pumzika kwa amani, mama yangu, ile amani ambamo hakuna atakayekudai shukrani.