Raba za Mama Juu ya Kabati

Shikamooni wazee wangu. Bwana asifiwe. Na ninyi majirani zetu Waislamu mliokuja leo kwa sababu wazazi wenu nao walikuwa kwenye lile kundi la mazoezi ya wazee, asalaam aleikum. Mchungaji amenipa dakika kumi baada ya ibada, hapa nje uwanjani. Wanaonijua sokoni wanajua kwamba dakika kumi mimi nazimaliza kwa salamu tu, lakini leo nitajitahidi, maana jambo nililokuja nalo nimelibeba muda mrefu na limenichosha.

Sitataja jina la mtu. Mimi mwenyewe mnanijua, yule wa kabichi, mwenye sauti. Mama yangu ndiye huyo aliyekaa kwenye benchi la mbele, aliyevaa raba nyeupe. Ziangalieni hizo raba vizuri, nitazirudia.

Baba alipofariki nilimtoa mama kule juu kwetu, upande wa Shume, nikamleta kwangu. Mama ni mtu wa jembe. Tangu usichana wake anapanda na kushuka matuta na mzigo wa kuni kichwani, na bado anapata pumzi ya kukusimulia habari za ukoo mzima. Nikasema, sasa basi, amechoka, apumzike. Nikamnunulia kochi, nikalitandika vitambaa vya kufuma. Nikamwambia, "Mama, hapa kwangu hushiki jembe, hushiki ndoo, hata kikombe utaletewa."

Majirani wakanisifu. Wakasema yule mama kweli analelewa. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, zile sifa zilininogea kuliko pilau ya sikukuu. Mnajua tulivyolelewa huku kwetu: mtoto akimwacha mzazi wake abebe ndoo, atasemwa kuanzia kisimani mpaka kanisani. Mimi sikutaka kusemwa. Nilidhani ninamheshimu mama, kumbe nusu ya ile heshima nilikuwa najipa mwenyewe.

Mwaka haujaisha, mama akaanza kushika kuta. Akitaka kuinuka anasukuma kochi kwa mikono yote miwili, anarudi chini, anavuta pumzi, anajaribu tena. Nikasema huo ni uzee. Nikamwongezea mto.

Wakati huohuo nesi mmoja mstaafu wa usharika wetu akaanzisha mazoezi ya wazee pale ukumbini, kila Jumatano asubuhi. Waliokuwepo mnakumbuka. Mzee anakaa kwenye benchi, anainuka bila kutumia mikono, anakaa tena. Anashika mgongo wa benchi, anasimama kwa mguu mmoja. Anatembea kwenye mstari wa sakafu, kisigino mbele ya vidole, na mwenzake yuko pembeni tayari kumdaka. Lengo lilikuwa moja tu, wazee wasianguke. Na huku kwetu, jamani, kabichi tu ikikuponyoka uwanjani unaifuata bondeni, sembuse mzee asiye na nguvu za miguu.

Mama alisikia tangazo hapa kanisani, akawa anakwenda kimya kimya nikiwa sokoni. Mdogo wangu aliyeko Tanga akamtumia raba, hizo hizo. Alikwenda kama mwezi mzima bila mimi kujua. Kitu nilichokiona ni kwamba ameanza kuinuka kwa mara moja, nikadhani ni mchuzi wangu wa mifupa.

Siku moja mteja akaniambia mbele ya watu, "Mama yako nimemwona ukumbini, kasimama mguu mmoja kama kuku wakati wa mvua!" Soko zima likacheka. Nami nikacheka, lakini moyoni nilikuwa nachemka. Nilifika nyumbani na kapu kichwani, hata sikulitua.

"Mama, unanitia aibu. Watu watasema nimekushindwa mpaka unakwenda kuchezeshwa kama watoto wa chekechea."

Mama akaniambia taratibu, "Mwanangu, kule nasimama."

"Na hapa umekosa nini?"

"Sijakosa kitu. Hapa nakaa."

Sikuelewa. Au nilielewa nikajifanya sikuelewa, sijui. Jumanne iliyofuata nilizichukua raba zake nikaziweka juu ya kabati langu, nyuma ya sanduku la vyombo vya wageni. Asubuhi akazitafuta chini ya kitanda, akazitafuta mlangoni. Akaniuliza. Nikamwambia labda panya wamezikokota.

Cheka tu, mama, cheka. Panya gani anayekokota raba mbili, jozi kamili? Lakini mama hakucheka siku ile. Aliniangalia kidogo, akasema "Haya," akarudi kwenye kochi. Njia ya kwenda ukumbini ni ile ya mteremko, na mwalimu wao, yule nesi, alikuwa amewakataza kabisa kuipita na ndala. Mama ni mtu wa kushika neno. Asiyekuwa na raba haendi.

Wiki kadhaa zikapita hivyo. Kisha Jumatano moja mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri ikakatika. Mimi niko barabarani napakia kabichi kwenye lori, simu ikalia, jirani ananiambia njoo upesi. Nilimkuta mama nyuma ya jiko, amelala kwa ubavu kwenye udongo mwekundu. Kiti cha plastiki kimepinduka. Ndala moja iko mguuni, nyingine imeteremka mpaka kwenye migomba.

Saa ile ndiyo ilikuwa saa ya mazoezi. Wenzake wako ukumbini wameshika benchi la mbao ambalo watu wanne hawaliinui, na yeye kwangu kashika kiti cha plastiki kwenye uwanja ulioinama, na ndala miguuni, hana wa kumdaka. Mnajua neno lake la kwanza lilikuwa nini? Aliniambia, "Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa nasimama kidogo tu."

Yeye ndiye aliyeniomba msamaha.

Mkono ulivunjika, na nyonga daktari akasema imepata ufa. Jumapili iliyofuata mkanizunguka hapa hapa, kwenye uwanja huu, karibu na kengele. Mkaniuliza imekuwaje. Nikawajibu kwa sauti yangu hii hii ya sokoni: "Ameanguka akifanya yale mazoezi yenu!"

Hakuna neno la uongo hapo. Lilikuwa zoezi lao kweli, na ameanguka kweli. Lakini ya ndala sikusema, ya raba sikusema, wala kwamba mimi ndiye niliyemzuia kwenda kulikokuwa na benchi. Mlipoanza kutikisa vichwa nilipata nafuu moyoni, Mungu anisamehe. Niliona mzigo unahama kutoka kwangu kwenda kwa mtu mwingine, nami nikauacha uende.

Mengine mnayajua kuliko mimi. Watoto wakawazuia wazazi wao. Wazee wa baraza wakaona ni busara kusimamisha kundi. Mwalimu akawa anasalimiwa kwa mbali, watu wananong'ona kwamba anawavunja wazee mifupa. Kuna babu mmoja, yuko hapa, sitamtaja, alikuwa ameacha fimbo kabisa. Baada ya kundi kufungwa nilimwona tena na fimbo yake, halafu nikamwona anashikwa mkono na mjukuu. Kila nikimwona nilikuwa navuka barabara.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikuwa fupi, ndugu zangu. Nimeitembea miezi mingi.

Siku moja mwalimu akabisha hodi kwangu. Nilimpokea kwa baridi, hata chai nikachelewesha. Akakaa karibu na kitanda cha mama, akamshika mguu, akamwambia ausukume mkono wake. Mama akausukuma. Kisha akauliza kwa upole, bila kunitazama, "Bibi, siku ile ulivaa nini miguuni?"

Mama akanitazama mimi. Akasema, "Nilivaa raba."

Mama yangu! Mtu aliyenichapa nikiwa mdogo kwa sababu nilisema nimekula tunda damu moja kumbe nimekula mawili. Mtu asiyemwongopea hata mtoto ili anyamaze. Alidanganya, na kitandani, kwa ajili yangu. Kumbe alikuwa anajua tangu siku ya panya. Alikuwa anajua yote, na alikuwa ananifichia.

Nilikwenda chumbani nikapanda kwenye stuli, nikazishusha raba. Zilikuwa na vumbi la kabati juu na soli safi. Nikaziweka mapajani mwa mwalimu nikamwambia, "Hizi hapa. Nilizificha mimi." Nikalia kama mtoto. Mama naye akaanza kulia, akasema, "Mwache, mwalimu, hakujua." Hata hapo bado alikuwa ananitetea.

Mwalimu hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema, "Daktari akiruhusu, mvalishe, tunaanza. Nitakuja kila Jumatano. Ila yale maneno uliyosema uwanjani utayarudisha mwenyewe, uwanjani."

Daktari akaruhusu. Mwalimu akawa anapanda kile kilima chetu, mtu niliyemharibia jina, anakuja kumfundisha mama kukaa kitandani, kisha kusimama, kisha kuhesabu hatua mpaka mlangoni. Lile kochi tuliliondoa, tukaazima benchi. Mimi nikafundishwa kazi moja ngumu kuliko zote, kukaa pembeni bila kumshika. Mama anayumba, mikono yangu inaruka yenyewe, mwalimu ananiambia, "Iweke nyuma. Ukaribu unatosha." Sasa mama anateka maji ya kunawa mwenyewe, anapalilia bustani yake ya mboga nyuma ya jiko. Watu wakisema, waseme.

Lakini maneno ya uwanjani sikuyarudisha. Kila Jumapili nilisema wiki ijayo. Jumapili iliyopita mama akanifunga kilemba changu vizuri, akaniambia, "Mimi nimeshasimama. Wewe bado umekaa." Ndiyo maana niko hapa.

Basi, nayarudisha. Mazoezi hayakumwangusha mama yangu. Nilimwangusha mimi, kwa kuogopa kusemwa. Mwalimu, nilikupaka matope mbele ya watu hawa, na mbele ya hawa hawa nakuomba radhi. Ukinikatalia nitaelewa. Babu yangu wa fimbo, nisamehe. Na ninyi mlioacha kuwaleta wazazi wenu kwa sababu ya mdomo wangu, nisameheni.

Namshukuru jirani aliyepiga simu. Namshukuru daktari, na mdogo wangu wa zile raba. Namshukuru mwalimu, ambaye chai yangu bado anainywa. Wazee wa baraza wamekubali kufungua ukumbi, Jumatano hii. Niwaombe jambo moja tu, ninyi wenye wazazi: mzee wako akitaka kuinuka, usikimbilie kumkalisha. Mtafutie kitu kizito cha kushika, umsogelee, unyamaze. Kwangu mimi kunyamaza ndiyo kazi.

Nimemaliza, ila kuna jambo mama ameniomba. Anataka mwalimu amwone akisimama mwenyewe mbele yenu. Mliokaa karibu naye kwenye benchi, tafadhali msimguse. Hata wewe kijana wangu, kaa.

Haya, mama. Inuka. Mikono yangu iko nyuma.